Kipupwe na Dumu Lisilopungua

Saa 12 asubuhi, katikati ya Julai, toka nje utie mkono kwenye pipa la maji ya mifugo uanze kuhesabu. Hapa Ndalambo, kwenye uwanda wa juu wa Wilaya ya Momba, wengi wetu hatufiki sitini kabla vidole havijaanza kuuma. Sasa mfikirie ng'ombe aliyekesha kwenye zizi la miti, upepo ukimpiga ubavuni tangu jogoo wa kwanza. Unamfungulia, unamwelekeza kwenye pipa hilohilo. Ananusa, analowesha midomo, anapiga mafunda matatu au manne, anageuka kuwafuata wenzake. Nawe unasema moyoni: huyu hana kiu.

Nimeyasema hayo miaka mingi, na yalinigharimu. Nilipoanza kufuga kuku wa mayai nilikuwa nao sitini. Mei walinipa mayai hamsini kwa siku, Julai yakashuka hadi thelathini na kitu. Nikabadilisha chakula. Nikanunua vitamini. Nikamshuku jirani, Mungu anisamehe. Aliyenifumbua macho ni fundi aliyekuja kupiga misumari kwenye bati lililolegea. Alikaa pale bandani tangu asubuhi hadi saa 5, akashuka kwenye ngazi akaniuliza: “Hawa kuku wako, mbona hawanywi?” Drinka zilikuwa zimejaa. Zilikuwa zimejaa tangu jana yake.

Kwenye nchi za theluji mfugaji huamka na shoka akavunje barafu kwenye birika, au huwa na waya wa umeme wa kupashia maji chini yake. Kwetu maji hayagandi. Usiku wa Juni na Julai joto la uwanda huu huweza kushuka chini ya nyuzi 10, lakini kutoka hapo hadi sifuri kuna safari. Ndipo tunapojidanganya. Barafu ina heri yake: ukiiona unajua fika kwamba mnyama hana maji. Pipa letu limejaa pomoni, linametameta, na mnyama ana kiu pembeni yake.

Ubaya ni kwamba baridi yetu inakuja wakati uleule ambao mnyama anahitaji kunywa zaidi kuliko wakati wa mvua. Twende na hesabu kidogo. Chukua ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250. Machi anakula majani mabichi, tuseme kilo 25 kwa siku. Robo tatu ya majani hayo ni maji, kwa hiyo ameshaingiza lita 19 hivi tumboni kabla hajakiona kisima. Njoo Julai. Mahindi yameshavunwa, ng'ombe wameachiwa mashambani wamalizie mabua. Kilo 7 za mabua makavu hazina hata lita moja ya maji ndani yake. Tofauti ni lita 18, karibu dumu zima, kwa kila ng'ombe, kila siku. Dumu hilo halitoki popote isipokuwa kwenye pipa lako. Ukimwona ng'ombe anakunywa Julai sawa na alivyokunywa Machi, elewa kwamba ana deni.

Deni hilo hulipwa tumboni. Tumbo la kwanza la ng'ombe linafanya kazi kama mtungi wa pombe ya ulezi: ndani yake kuna vijidudu vinavyochachua chakula, na kama maji ni haba mchanganyiko unakuwa mzito, hauchachuki. Mabua hukaa yalivyo. Mnyama anaacha kula akiwa na tumbo lililojaa, kinyesi kinatoka kidogo, kikavu, cha mabonge, kama cha punda. Pua inakauka. Ukivuta ngozi ya shingoni inachelewa kurudi. Anayekamuliwa huonyesha mapema zaidi, kwa sababu maziwa ni maji kwa asilimia 87. Kikombe hupungua siku hiyohiyo au ya pili yake. Na sisi tunakimbilia duka la dawa kununua ya minyoo.

Ng'ombe wa kienyeji asiyekamuliwa anahitaji lita 25 hadi 40 kwa siku, kutegemea ukubwa na chakula. Chotara wa maziwa huvuka lita 60 bila taabu. Usiyakariri haya kama mtihani. Fanya jambo moja: chora alama kwa mkaa ndani ya pipa au birika, moja kila dumu moja linapoingia, na kila jioni angalia maji yameshuka mpaka wapi. Tumezoea kuhesabu madumu tuliyoyabeba, maana ndiyo yaliyotuuma mgongo. Yanayomsaidia mnyama ni yale yaliyoondoka.

Sasa, tufanyeje? Jambo la kwanza halina gharama, nalo ni saa. Usiwapeleke majini alfajiri. Kipupwe kinataka ng'ombe waanze kula kwanza, jua liwapate mgongoni, ndipo wanywe kati ya saa 6 na saa 8 mchana, na tena saa 10 jioni kabla hawajarudi zizini. Wachungaji wa zamani walijua hilo pasipo kuambiwa na bwana mifugo yeyote. Siku hizi watoto wanaochunga wana haraka ya shule au ya mambo mengine, wanawapitisha kisimani asubuhi ili kazi iishe. Kazi inaisha, kiu inabaki. Dumu la maji ya nyuzi 10 likiingia kwenye tumbo lenye nyuzi 39, uchachuaji unapoa kwa saa moja au mbili hadi joto lirudi. Mchana mnyama anaweza kulibeba hilo. Asubuhi, akiwa bado anatetemeka na tumbo limepungua chakula, anaona afadhali asinywe.

Hapa nigusie maneno niliyoyasikia zaidi ya mara moja, kwamba maji ya baridi yanamfanya ng'ombe atupe mimba. Kama ng'ombe wako wanatupa mimba, hasa wawili watatu kwa mfululizo, usiyalaumu maji. Mwite afisa mifugo wa kata achukue damu ikapimwe, kwa sababu brusela humfanya ng'ombe atupe mimba kwa namna hiyohiyo, nayo humwingia binadamu kupitia maziwa mabichi na kupitia mikono inayoshika kondo la nyuma bila glavu.

Jambo la pili ni mahali maji yanapotoka. Ardhi, ukiichimba mita kadhaa kwenda chini, haijui Julai wala Novemba. Hukaa na joto lililo karibu na wastani wa mwaka mzima, ambalo kwa uwanda wetu ni kama nyuzi 20. Ndiyo maana ukipampu kisima kirefu asubuhi ya baridi kali, maji yanayotoka yanakuwa na vuguvugu, mengine hata yanafuka. Mfugaji mwenye pampu ya mkono jirani ana bahati ambayo haitumii: anachota jioni, anayaacha nje usiku kucha yapoe, kisha anawapa ng'ombe asubuhi. Chota asubuhi uwape palepale. Kama lazima yalale, yalale ndani au yafunikwe.

La tatu ni kuliweka pipa panapofaa, na hapa watu wengi wa uwanda huu tunakosea upande. Upepo wa kipupwe unatujia kutoka kusini-mashariki. Jua la Juni na Julai, kwa sababu tuko kusini mwa ikweta, linapita upande wa kaskazini. Unganisha hayo mawili uone: birika la maji linatakiwa kukaa kaskazini-magharibi ya ukuta, nyumba au zizi. Pale ukuta unakata upepo na jua linaupiga kuanzia katikati ya asubuhi hadi linapotua. Nimeona mabirika mazuri ya saruji yaliyojengwa upande wa kusini wa nyumba, kivulini siku nzima na upepo juu yake. Hilo halina tofauti na kuweka friji ya ng'ombe. Kivuli utakihitaji Oktoba, lakini Oktoba unaweza kuegesha miti miwili na nyasi juu. Ukuta huwezi kuuhamisha.

Chombo chenyewe kiwe cheusi, kirefu, na kimefunikwa usiku. Cheusi kinameza jua. Kirefu kinapoteza joto polepole kuliko sinia pana lenye maji ya vidole vinne. Mfuniko, hata ukiwa gunia kuukuu juu ya mbao, unazuia joto lisipae usiku ambao anga halina wingu. Ukitaka kwenda mbali zaidi, zika pipa hadi nusu yake, au liweke ndani ya pipa kubwa na ujaze katikati pumba za mpunga. Pumba hizo ni kizuizi kizuri cha baridi, na huko bondeni Kamsamba, wanakolima mpunga, hutupwa au huchomwa. Maranda ya fundi seremala nayo yanafaa, mradi yawe makavu. Yakilowa yamekwisha kazi.

Kwa wafugaji wa karibu na Tunduma kuna mali ambayo hatuioni kwa kuizoea: matairi ya malori. Mpaka ule hauishiwi matairi chakavu. Tairi kubwa la lori, likikatwa ukuta wa juu na kuzibwa tundu la katikati kwa zege, ni birika lisilopasuka, lisilopinduliwa na pembe, jeusi tii. Linashika jua la asubuhi kuliko ndoo yoyote. Wafugaji wa nchi za barafu wanapenda mpira kwa sababu nyingine: maji yakiganda unalipiga teke, barafu inatoka, tairi halijadhurika. Sharti moja tu, limwagwe na kusuguliwa kila siku mbili. Tairi lenye maji yaliyolala ni nyumba ya mbu, na sisi mbu tunao wa kutosha.

Mapipa ndiyo yananitia hofu. Kwenye barabara ya Tunduma hupita mizigo ya migodini, salfa na kemikali za kila aina ziendazo Zambia na Kongo, na mapipa matupu hayakosi kuonekana sokoni yakiuzwa kwa bei ya kuvutia, yameoshwa yanang'aa. Muuzaji atakuapia kwamba lilikuwa la juisi. Tafuta lebo. Ukiona alama ya fuvu, au lebo imekwanguliwa kwa makusudi, au pua yako inasita unapoinama ndani, ondoka. Nilishanunua moja ambalo harufu yake haikutoka kwa majivu, sabuni wala jua la mwezi mzima; sasa linahifadhi makaa. Plastiki hunywa kemikali, kisha huzirudisha kidogokidogo kwenye maji, na mnyama hana mdomo wa kukuambia anachoonja isipokuwa kukataa kunywa. Vivyo hivyo madumu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe na ya viuatilifu vya shambani: yatobolewe yasitumike tena, hata kwa maji ya kufyatulia matofali.

Chumvi ni rafiki katika msimu huu, ikitumiwa kwa akili. Ng'ombe aliyelamba chumvi atakunywa hata kama hakupanga. Wilaya yetu ya Momba haikuanza leo kuijua: Ivuna ilikuwa ikichemsha chumvi karne nyingi kabla ya duka la kwanza la pembejeo. Weka jiwe la chumvi karibu na birika kuanzia saa 5 asubuhi, maji yakiwa yameanza kupata jua. Usiiweke zizini usiku ambako hakuna maji. Na kwa nguruwe uwe mwangalifu sana. Nguruwe aliyekosa maji siku moja au mbili huku akila pumba zenye chumvi au mabaki ya chakula cha mgahawani hupatwa na ugonjwa wa ubongo: anazungukazunguka, anagonga ukuta, anaanguka na degedege. Wengi hudhani ni sumu ya adui. Kosa kubwa zaidi hufanywa anapogunduliwa, kwa kumjazia maji yote anayotaka kwa mpigo. Ubongo unavimba, anakufa. Mpe kidogokidogo, vikombe vichache kila nusu saa, huku ukimtafuta daktari wa mifugo. Nguruwe jike anayenyonyesha anaweza kufika lita 20 na zaidi kwa siku, wala hafuati maji mbali akiwaacha watoto.

Mbuzi hawana makuu. Lita 4 au 5, chombo kisafi, basi. Mbuzi hukataa maji machafu kabla hajakataa ya baridi.

Ndama na vifaranga ndio wanaostahili maji ya kupashwa kwa kuni. Huna haja ya kuchemsha dumu zima. Chemsha lita 3, uzimimine kwenye lita 17 za maji ya baridi ya asubuhi, utapata dumu la nyuzi 22 hivi. Tia mkono: kama hayaumi kwa baridi wala hayaunguzi, ndiyo yenyewe.

Kama una ndugu Makete, shida yake ni nyingine kabisa, na ni vizuri umpigie simu. Kule Kitulo, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, sakitu ni jambo la kila mwaka, na asubuhi majani yanameta kama yamenyunyiziwa chumvi. Kule maji ya ndoo fupi huota utando wa barafu hata kipimajoto cha ukutani kinaposoma nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri. Sababu ni anga. Usiku usio na wingu wala upepo, kitu kilicho wazi chini ya mbingu hupoteza joto hadi kikawa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Zamani watu wa Bengali huko India walitengeneza barafu kwa njia hiyohiyo, wakiweka maji kidogo kwenye visahani vya udongo juu ya mabua. Mwenye ng'ombe wa maziwa Makete afanye kinyume chao: maji mengi, chombo kirefu, paa juu yake. Paa la nyasi tu linatosha kuyakinga maji na ile mbingu.

Turudi kwa kuku, maana ndio walionifundisha. Babu zetu wa bondeni walikuwa sahihi kuwawekea kuku maji kwenye chungu au mtungi uliokatwa. Udongo unatoa jasho, jasho linapokauka linapoza maji, na kwenye joto la Kamsamba hiyo ni neema. Panda nacho huku juu mwezi wa Julai, kwenye hewa kavu na upepo, na chungu kilekile kitayafanya maji yawe baridi kuliko hewa yenyewe. Wilaya ni moja lakini chombo kinachomsaidia wa bonde kinamwadhibu wa mlimani. Kwa kipupwe tumia drinka za plastiki, ziwe ndani ya banda mbali na upepo, mdomo wake ukilingana na mgongo wa kuku.

Jioni zimwage, zioshe, zigeuze. Usiache maji yakalala ili “asubuhi wakute tayari”. Watakuta tayari, ila hawatayagusa. Saa 1 asubuhi mimina maji yaliyotoka kisimani muda huo, au yale ya kuchanganya, pamoja na chakula cha kwanza. Kuku wa mayai anakunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, kwa hiyo kuku 100 wanaomaliza kilo 11 wanatakiwa kumaliza lita 22 hivi. Wakifika 15 tu, usisubiri mayai yakuambie. Kama nyumba ina vifaranga walio chini ya jiko la mkaa, drinka ikae ukingoni mwa duara la joto, wasilazimike kutoka kwenda baridini kuifuata. Na banda liwe na tundu la hewa juu, kwa sababu mkaa huwaua vifaranga kimyakimya, na mwangalizi aliyelala humohumo pia.

Lipo jambo ambalo kuku kutokunywa kunaligeuza kuwa msiba, nalo ni chanjo. Kideri hupenda miezi ya ukame, na wengi tunachanja kwa maji kwa sababu ni rahisi kuliko kumshika kuku mmoja mmoja. Wenye kuku wachache nawashauri watumie tone la jichoni; chanjo ya TEMEVAC inayotengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari inatiwa hivyo, tone moja kwenye jicho moja, kila miezi 3. Tone halijali kama ni kipupwe. Mwenye kuku mia tano anayechanja kwa maji ajue kwamba kwenye baridi kuku watagusagusa tu na kuondoka, chanjo itakufa ndani ya drinka, naye ataandika kwenye daftari kwamba amechanja.

Kwa hiyo siku moja kabla, saa ileile utakayochanja, pima wanakunywa lita ngapi kwa saa 2. Hayo ndiyo maji ya kuchanganyia, hata kama kibandiko kimetaja mengi zaidi. Yasiwe ya bomba lenye klorini. Ya kisima au ya mvua yanafaa, na uongeze maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 3 kwa lita, ili kuilinda chanjo. Siku yenyewe wanyime maji kwa saa 2 au 3 kuanzia asubuhi huku wakiendelea kula chakula kikavu, halafu saa 4, jua likiwa limeingia bandani, shusha drinka zote kwa pamoja ili wanyonge nao wapate nafasi. Pita katikati yao polepole uwaamshe walioegemea ukuta. Zikipita saa 2 tangu ushushe drinka na bado kuna maji yaliyobaki, yamwage mbali na banda, uandike yaliyobaki ni kiasi gani, na upange siku ya kuwashika mmoja mmoja.